Marekani ilipopiga marufuku pombe: Ilifaulu wapi, ilishindwa wapi?

Kila linapozuka suala la kuzuia pombe katika jamii, hakosekani mtu wa kusimama na kusema: "Hilo haliwezekani, Marekani walijaribu wakashindwa." Hoja hii husemwa na wanasiasa, husemwa na wasomi, na husemwa hata na baadhi ya Waislamu waliopita vyuoni. Kwa upande wa pili, wahadhiri wetu nao hukitumia kisa hicho hicho kwa njia yao: Marekani pamoja na polisi wake, mahakama zake na fedha zake ilishindwa, lakini Uislamu ulifaulu kwa aya moja.

Ukitazama vizuri utaona kuwa makundi haya mawili yanakubaliana jambo moja, kwamba Marekani ilishindwa. Lakini ni wachache wanaouliza: ilishindwa katika lipi hasa? Je, hakuna ilichofaulu? Na muhimu zaidi kwetu, je, zile sababu zilizoiangusha sheria ile hazipo katika nyumba zetu na mitaa yetu?

Qur'an inatuamrisha tuwe waadilifu hata kwa watu tunaowachukia (5:8). Kwa hiyo ndugu msomaji, tuchukue mizani tuyapime mambo haya kwa haki kabla ya kuyatolea hukumu.

Walifikaje huko?

Watu wengi hudhani kuwa Wamarekani waliamka siku moja wakaamua kufunga baa. Sivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya 1830 Mmarekani mtu mzima alikunywa kwa wastani zaidi ya mara mbili ya anavyokunywa Mmarekani wa leo. Wiski ilikuwa rahisi, na vibarua waliinywa hata kazini. Mwaka 1826 ilianzishwa jumuiya ya kuhimiza watu kuacha ulevi, na mwaka 1851 jimbo la Maine likapitisha sheria ya kuzuia pombe.

Mwaka 1874 wanawake wa Kikristo waliunda umoja wao wa kupinga ulevi. Sababu yao ilikuwa wazi. Mume alilipwa mshahara Jumamosi, akapitia baa, akafika nyumbani mikono mitupu na ngumi tayari. Mke hakuwa na kura, na katika maeneo mengi hakuwa na haki ya kutosha juu ya mali wala watoto. Wanawake hawa walifanya kazi kubwa kiasi kwamba kufikia mwanzo wa karne ya 20 majimbo yote yalikuwa na sheria ya kuwafundisha watoto shuleni madhara ya pombe. Mwaka 1893 likaanzishwa shirika jingine la kupambana na mabaa, Anti-Saloon League, ambalo lilijua siasa vizuri. Halikujali mbunge ni wa chama gani wala anakunywa nini kwake. Lilijali kura yake tu.

Mambo mawili zaidi yakaja kuisukuma sheria. La kwanza ni kodi. Kwa miaka mingi ushuru wa pombe uliipa serikali kuu karibu theluthi moja ya mapato yake, lakini mwaka 1913 Katiba ikabadilishwa na kodi ya mapato ikaruhusiwa, hivyo serikali ikaona inaweza kuishi bila fedha ya bia. La pili ni Vita Kuu ya Kwanza. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, viwanda vingi vya bia vilikuwa mikononi mwa familia zenye asili ya Ujerumani, na kuichukia bia kukawa ni sehemu ya uzalendo.

Ndipo Marekebisho ya 18 ya Katiba yakapitishwa na Bunge mwaka 1917, yakakubaliwa na idadi ya majimbo iliyotakiwa Januari 16, 1919, na kuanza kutumika Januari 17, 1920. Mwishowe majimbo 46 kati ya 48 yaliyakubali. Sheria ya utekelezaji, iitwayo Volstead Act, ilihesabu kuwa ni pombe kila kinywaji chenye kilevi cha asilimia 0.5 au zaidi.

Waliyofaulu

Sasa tuanze na upande wa mizani ambao hausemwi. Wachumi waliochunguza takwimu za vifo na magonjwa ya miaka ile wanakadiria kuwa mwanzoni unywaji ulishuka hadi kiasi cha asilimia 30 ya ulivyokuwa kabla. Baadaye ulipanda, lakini mpaka sheria inafutwa ulikuwa bado kati ya asilimia 60 na 70. Vifo vya wanaume kwa sirosisi, ugonjwa wa ini unaohusishwa sana na ulevi, vilikuwa 29.5 kwa kila watu 100,000 mwaka 1911. Mwaka 1929 vilikuwa 10.7. Wagonjwa walioingizwa katika hospitali za akili za majimbo kwa ajili ya ulevi walikuwa 10.1 kwa kila watu 100,000 mwaka 1919, wakashuka hadi 4.7 mwaka 1928.

Uadilifu unatutaka tuongeze kuwa kushuka huku hakukuanza mwaka 1920. Kabla ya hapo zaidi ya nusu ya majimbo yalikuwa tayari na sheria zake, na vita nayo ilipunguza utengenezaji wa pombe. Lakini hata ukitoa sehemu hiyo, haiwezi kusemwa kuwa sheria haikufanya kitu. Pombe ilipanda bei, na ilipopanda bei, kibarua aliyekuwa akimaliza mshahara baa hakuweza tena kumudu. Yule mke wa mwaka 1874 aliyelia na kuomba, wajukuu zake wengi walipata nafuu.

Tena nafuu hiyo iliendelea baada ya sheria kufutwa. Tabia ya kunywa ilikuwa imevunjika, na iliwachukua Wamarekani hadi kiasi cha miaka ya 1970 kurudia kiwango cha unywaji cha kabla ya marufuku. Kwa hiyo anayesema "walijaribu wakashindwa" na kuishia hapo, amesema nusu ya habari.

Waliyoshindwa

Upande wa pili wa mizani nao ni mzito. Sheria ilipoondoa muuzaji mwenye leseni, haikuondoa mnunuzi. Penye mnunuzi pakatokea muuzaji wa magendo. Pombe iliingia kwa magari kutoka Canada, kwa mashua kutoka visiwa vya Bahama, na kupikwa milimani usiku. Katika jiji la New York peke yake, makadirio ya baa za siri yalifika 30,000. Serikali kuu ilianza na askari wapatao 1,500 tu wa kusimamia nchi nzima, wenye mishahara midogo, na wengi wao wakanunuliwa.

Biashara hii ikawatajirisha majambazi. Huko Chicago magenge yaliuana mchana kweupe, na Februari 14, 1929 watu saba walipangwa ukutani ndani ya gereji moja wakapigwa risasi. Al Capone, bwana mkubwa wa genge moja, alifungwa mwaka 1931, lakini si kwa pombe wala kwa mauaji. Alitiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya mapato.

Kisha kuna suala la sumu, nalo ndilo zito kuliko yote. Viwanda vilihitaji spiriti kwa ajili ya rangi, dawa na mafuta, na magenge yakawa yanaiiba na kuisafisha ili kuiuza. Mwishoni mwa mwaka 1926 serikali iliamua kuongeza sumu katika spiriti hiyo, hasa methano, huku ikijua kuwa watu wanaiba na wanakunywa. Watu wakafa, wengine wakapofuka. Makadirio ya waliokufa katika miaka yote ile yanafika watu 10,000. Wayne Wheeler, kiongozi wa lile shirika la kupinga mabaa, alipoulizwa alijibu kuwa anayekunywa kitu hicho amejiua mwenyewe kwa makusudi.

Na mwaka 1930 dawa ya tangawizi iliyochanganywa na kemikali mbaya, ambayo maskini waliinunua kwa sababu ya kilevi kilichokuwamo, iliwapoozesha miguu maelfu ya watu. Tajiri hakupata madhara hayo, kwa kuwa yeye alikuwa na wiski halisi ya Canada.

Mtikisiko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ndio uliomaliza kazi. Watu hawakuwa na ajira na serikali haikuwa na mapato, ushuru wa bia ukaonekana tena kuwa mtamu. Hata wanawake wakagawanyika, na mwaka 1929 Pauline Sabin akaunda jumuiya kubwa ya wanawake waliotaka sheria ifutwe. Desemba 5, 1933 Marekebisho ya 21 yakaifuta. Haikuwahi kutokea kabla, na haijatokea tena, kwa Marekebisho ya Katiba ya Marekani kufutwa yote.

Kosa lilikuwa wapi?

Jibu tulilozoea kusikia katika mihadhara ni kuwa Wamarekani walikataza kwa ghafla bila kuwaandaa watu, wakati Uislamu ulikataza hatua kwa hatua. Sehemu ya pili ya jibu hili ni kweli. Sehemu ya kwanza si sahihi. Tumeona kuwa kuanzia 1826 hadi 1919 ni zaidi ya miaka 90 ya mahubiri, mashirika, vitabu na masomo ya shule. Hakuna mtu anayeweza kusema kuwa muda huo haukutosha.

Tatizo ni kwamba maandalizi yale yaliwaandaa watu kuchukia baa ya mwingine. Mkulima wa kijijini aliichukia baa ya mjini. Mzawa aliichukia bia ya Mjerumani, wiski ya muayalandi na divai ya Mtaliano. Mwenye kiwanda aliichukia pombe ya kibarua wake kwa sababu ilimchelewesha kazini. Kila mmoja alipiga kura dhidi ya glasi iliyokuwa mkononi mwa jirani.

Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya sheria yenyewe. Kwanza, ilikataza kutengeneza, kuuza, kusafirisha na kuingiza pombe, lakini haikukataza kunywa. Aliyejaza stoo yake kabla ya Januari 1920 aliruhusiwa kuinywa kwake na wageni wake, na wenye uwezo walijaza stoo zao kwelikweli. Pili, iliacha milango ya pembeni: wiski kwa cheti cha daktari, divai kwa ajili ya ibada, na maji ya matunda ya nyumbani. Ghafla nchi nzima ikawa na wagonjwa wanaohitaji wiski. Kampuni za zabibu zikauza zabibu zilizokaushwa kwa umbo la tofali, zikiwa na onyo kuwa usiziloweke siku nyingi zisije zikageuka divai! Msomaji wa Qur'an atawakumbuka watu wa Jumamosi (7:163) waliokatazwa kuvua siku hiyo, na hila ambazo wafasiri wametueleza kuwa walizifanya.

Tatu, viongozi. Rais Warren Harding, ambaye alipokuwa seneta aliyapigia kura Marekebisho ya 18, alijulikana kuwa akiwapa wageni wake wiski ndani ya Ikulu, wakati huo huo askari wake wakivunja mapipa ya maskini. Mwaka 1928 huko Michigan mama wa watoto kumi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la nne la pombe. Watu waliona yote mawili, na sheria ikakosa heshima mioyoni mwao kabla haijakosa nguvu mahakamani.

Madina ilikuwaje?

Qur'an iliwachukua Waislamu kwa daraja. Makka ilitaja tofauti kati ya kilevi na riziki njema itokanayo na matunda (16:67). Madina ikaeleza kuwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake (2:219), kisha ikakataza kuikaribia Sala katika hali ya ulevi (4:43), na mwisho ikakata moja kwa moja (5:90-91). Bi. Aisha (RA) ameeleza, katika Sahih Bukhari, kuwa mwanzo zilishuka sura zinazotaja Pepo na Moto, na lau katazo la pombe lingeanza, watu wangesema hawaiachi kamwe.

Lakini angalia ni nani aliyemwaga. Anas bin Malik (RA) anasimulia kuwa alikuwa akiwapa watu pombe nyumbani kwa Abu Talha pale mpiga mbiu alipopita, akaambiwa atoke akaimwage, na pombe ikatiririka katika njia za Madina. Walioimwaga ndio waliokuwa wakiinywa dakika ile. Hawakungoja kuona jirani ameanza.

Angalia tena ukubwa wa katazo. Katika hadithi mashuhuri Mtume (SAW) amewataja watu kumi waliolaaniwa katika pombe: anayeikamua, anayekamuliwa, anayeinywa, anayeibeba, anayepelekewa, anayeinywesha, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua na anayenunuliwa. Sheria ya Marekani iliwagusa baadhi ya hawa, wengine ikawaacha wakistarehe.

Na angalia namna mlevi alivyotendewa. Imepokewa katika Bukhari kuwa kulikuwa na mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Aliadhibiwa, lakini Swahaba mmoja alipomlaani, Mtume (SAW) alimkataza, akasema kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Linganisha hilo na serikali inayotia sumu na kiongozi anayesema mlevi amejiua mwenyewe.

Hata hivyo tusijidanganye. Katika zama za Umar (RA) unywaji ulipoongezeka adhabu nayo iliongezwa hadi viboko 80, baada ya kushauriana na Maswahaba. Na baadaye Baghdad ya Bani Abbas ilikuwa na makasri yaliyojaa divai, na mshairi kama Abu Nuwas akapata umaarufu kwa kuisifia. Aya ilikuwa ile ile. Kilichokuwa kimebadilika ni mioyo ya waliokuwa wakiisoma.

Somo kwetu

Nchini kwetu nako pombe zimewahi kukatazwa. Gongo imekuwa haramu kisheria kwa miongo mingi, na kila mmoja anajua kuwa bado inapikwa. Machi 1, 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku Tanzania, na lengo lilikuwa jema, kwani mtoto wa shule alikuwa anaweza kukinunua na kukificha mfukoni. Makatazo ya namna hii tunapaswa kuyaunga mkono. Mizani ya Marekani imetuonyesha kuwa pombe inapokuwa ghali na ngumu kupatikana, watu wanapona, hasa maskini. Anayesema sheria haisaidii kitu, ajibu hizo takwimu za ini. Tena ajue kuwa katika miaka ya 2020 na 2021, kwa makadirio ya taasisi ya afya ya CDC, ulevi uliua watu wapatao 178,000 kwa mwaka huko huko Marekani. Kuruhusu nako kuna makaburi yake.

Lakini swali la Muislamu wa mjini haliishii kwa serikali. Ni rahisi kusimama baada ya Sala ya Ijumaa na kulalamikia baa iliyofunguliwa hatua chache kutoka msikitini. Tuulizane: fremu ile ni ya nani? Mara ngapi imekuwa ni ya Muislamu, tena wa safu ya mbele, anayepokea kodi yake kila mwezi na kusema yeye hauzi pombe, amepangisha tu? Yule anayekula thamani yake yumo katika wale kumi. Mwenye duka anayeuza bia "kwa ajili ya wateja wasio Waislamu" naye yumo. Dereva anayesambaza makreti naye amo, na huyu tusimhukumu tu, tumsaidie kupata kazi nyingine.

Na nani kati yetu hana mdogo wake, mjomba wake au jirani yake anayekunywa? Wengi wetu tumemfukuza kwa maneno kabla hatujamshauri. Tumemtangaza mtaani, tumemsema kwa watoto wake, tukaiacha baa iwe mahali pekee anapopokewa kwa tabasamu. Huo si mwendo wa Mtume (SAW) aliyekataza kumlaani mlevi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, tuanze nayo kabla hatujaandika barua yoyote kwa mkuu wa wilaya. Kwanza, kamati ya kila msikiti iwatembelee kwa siri na heshima waumini wenye fremu na maduka yanayohusika na pombe, na iwatafutie wapangaji wa halali, kwani kumwambia mtu aache kodi ya mwezi bila kumsaidia ni nusu ya nasaha. Pili, kila familia imteue mtu mmoja mwenye hekima wa kukaa na ndugu yao mlevi, kumpeleka hospitali ikibidi, na kumrudisha msikitini bila kumfedhehesha. Tatu, masomo ya madrasa na shule yasiishie kumkaririsha kijana kuwa pombe ni haramu. Aelezwe inafanya nini kwa ini, kwa akili na kwa nyumba, na afundishwe namna ya kukataa mbele ya wenzake.

Tukiyafanya hayo, siku tutakapoitaka serikali ipunguze mabaa, tutakuwa na haki ya kusikilizwa. Tusipoyafanya, tutakuwa kama wapiga kura wa mwaka 1919, kila mmoja akimwaga pombe ya jirani na kuiacha ya kwake stoo.

Wallahu A'lam.